Hema, bomba au ndoo: kisa cha letusi ya Chikongola

Februari moja, saa tisa alasiri, nilipiga hodi kwenye nyumba moja ya Chikongola, hapa Mtwara mjini. Mwenyeji ni dada wa miaka thelathini na kitu, mpishi wa chakula cha oda, mwenye wateja maofisini na hoteli mbili za upande wa Shangani. Hakunipa hata kiti. Alinipeleka moja kwa moja chumba cha uani. Humo mlisimama hema jeusi lenye kimo cha mtu, zipu mbele, na ndani yake taa ya LED ya rangi ya zambarau, feni ndogo, na ndoo nne za maji zinazotokota mapovu ya pampu ya hewa. Nilipofungua zipu joto likanipiga usoni kama nimefunua sufuria ya ubwabwa. Kipimajoto changu kilisoma nyuzi 36. Nikakitumbukiza kwenye maji ya ndoo: 31.

"Kaka, niambie ukweli," akasema. "Nimekosea mbolea au nimelogwa?"

Letusi zake kumi na sita zilikuwa zimerefuka shingo, zinataka kutoa maua kabla hazijafunga majani. Nilikata jani moja, likatoa utomvu mweupe, chungu kama shubiri. Nikanyanyua mche mmoja. Mizizi iliyotakiwa iwe myeupe kama nyuzi za pamba ilikuwa ya kahawia, inateleza vidoleni, na inanuka bwawa.

Shida yake ya mwanzo ilikuwa ya kweli kabisa. Letusi inayoliwa Mtwara mara nyingi hushuka kwenye basi kutoka Dar es Salaam, safari ya kilomita zaidi ya 550, nayo Dar imeshafika kutoka milimani. Ikifika hapa majani ya nje ni ya kutupa. Mpishi wa hoteli analipa kichwa kizima anatumia nusu. Dada akawaza: mimi nina uwanja, nina maji, kwa nini nisilime bila udongo hapahapa? Wazo zuri. Mambo yaliharibika alipochukua simu kutafuta mfumo wa kuanzia.

Alitafuta kilimo cha maji ndani ya nyumba, na video nyingi zilizomjia zilikuwa za wakulima wa bangi wa Kanada na Marekani. Kanada iliruhusu bangi kwa watu wazima mwaka 2018, na tangu hapo watu wanaonyesha mahema na taa zao bila kificho. Sina ugomvi na ufundi wao. Baadhi ya ninayoyajua kuhusu mizizi nimeyapata kwa watu wa namna hiyo. Lakini tazama wanapambana na nini. Nyumba zao zina baridi miezi sita, jua lao la Desemba ni kama taa ya kibatari, mmea wao una harufu ya kufichwa majirani wasikereke, na bei ya zao lao inaweza kulipa taa ya gharama. Hema ni jibu la maswali hayo. Letusi ya Chikongola haina swali hata moja kati ya hayo.

Tena hema lilimletea wageni. Taa ya zambarau ikiwaka mpaka saa sita usiku kwenye dirisha la uani, mtaa mzima unaiona. Bangi kwetu ni marufuku, na sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 2015 haina mzaha na anayelima. Siku moja baada ya magharibi mjumbe akabisha hodi pamoja na kijana mmoja wa ulinzi.

"Shikamoo mzee, karibuni."

"Marahaba mwanangu. Watu wanasema sana. Hebu tuone hicho kijumba chako."

Dada akafungua zipu. Mzee akainama, akanusa, akachuma jani, akatafuna kidogo, akatema. "Hii mnamlisha nani?" Alipoambiwa ni wageni wa hoteli, alicheka hadi akakaa chini. Kisa hicho dada ananihadithia akicheka naye, ila aliniambia usiku ule hakulala.

Nami nilimwambia tuache kwanza kununua vitu. Alikuwa na shilingi 1,400,000 mkononi, nyingine za kikoba na nyingine mama yake alimpa baada ya mnada wa korosho, na tayari muuzaji mmoja wa Dar alikuwa anamsukuma achukue mtambo wa mabomba kwa 1,150,000. Sisi watu wa Kusini tumeshaona mashine zikiitangulia ardhi. Waingereza walileta matrekta Nachingwea kulima karanga mwishoni mwa miaka ya 1940. Mwaka 1951 mpango ukafungwa, na gati la Mtwara lililokusudiwa kusafirisha hizo karanga likakamilika mwaka 1954, karanga zenyewe hazipo. Sikumwambia dada habari hizo, angeniona namletea darasa la historia. Nilimwambia tu anunue daftari.

Maji

Nikaanza na kipimo cha EC, kile kikalamu kinachosoma wingi wa chumvi zilizoyeyuka kwenye maji. Mbolea ya haidroponiki, yaani ya kilimo cha maji bila udongo, ni chumvi pia, kwa hiyo EC ndiyo inayokwambia mmea unakula kiasi gani. Letusi hutosheka na EC ya karibu 1.2. Kikipita sana hapo majani huungua ncha.

Maji ya kisima chake, matupu, bila chembe ya mbolea, yalisoma 1.9.

Nilirudia mara tatu, nikakisuuza kipimo, jibu lilelile. Kisima kiko karibu na bahari na maji yake wenyewe wanayaita ya kufulia, maana kwenye chai hayafai. Chumvi ile haimlishi mmea, inamzuia kunywa. Juu ya hiyo 1.9 alikuwa ametia mbolea kwa kipimo cha video, kipimo cha mmea mlafi kuliko letusi, na ndoo zikafika 3.4. Letusi zilikuwa zinakufa kiu ndani ya maji.

Maji ya bomba yalisoma 0.6, yanatumika, ila hayaji kila siku. Maji ya mvua yaliyobaki kwenye pipa chini ya bati yalikaribia sifuri. Hapo hesabu ikawa rahisi. Bati lake lina mita 40 za mraba upande wenye mfereji. Mvua ya milimita 25 tu, ambayo kwa masika yetu ni mvua ya mchana mmoja, inashusha lita 1,000 ukiacha kidogo kinachomwagika. Letusi moja tangu kupandikizwa mpaka kuvunwa hunywa lita zipatazo 4. Simtanki moja ya lita 1,000 inabeba vichwa 250. Simtanki alikuwa nayo, amehifadhia maji ya kisima! Tuliimwaga, tukaisugua, tukaiacha mvua ya kwanza ioshe bati, ya pili ikaingia. Kama kisa hiki kina jambo moja la kubeba, ni hili la kupima maji kabla ya kuangalia orodha ya bei ya mtambo wowote, maana mfumo wa milioni moja ukiutia maji ya 1.9 utaua letusi sawasawa na ndoo ya bure.

Joto na umeme

Kwenye maji ya nyuzi 20, lita moja hubeba miligramu 9 na kidogo za oksijeni. Kwenye nyuzi 30 hubeba kama 7.5. Pengo linaonekana dogo, lakini mzizi ulio kwenye maji ya moto hupumua kwa kasi zaidi, kwa hiyo unahitaji zaidi pale ambapo kuna pungufu. Hapo ndipo Pythium, kijidudu kinachoozesha mizizi, kinapopata karamu. Dada aliamini mapovu ya pampu yatamwokoa. Pampu ile ilikuwa imekaa ndani ya hema, inavuta hewa ya nyuzi 36 na kuipuliza kwenye maji. Ilikuwa inachemsha polepole.

Taa nayo tuliihesabia uniti. Wati 200 kwa saa 16 ni uniti 3.2 kwa siku, 96 kwa mwezi. Nyumba yake ilikuwa kwenye kundi la matumizi madogo, la wasiozidi uniti 75 kwa mwezi. Taa peke yake, hujagusa friji wala pasi, inamtoa kwenye kundi hilo, na bei ya uniti kutoka hapo inapanda takriban mara tatu. Haya yote kununua mwanga, Mtwara, kwenye latitudo ya 10 kusini mwa ikweta, ambako jua la saa sita linapasua mawe. Letusi huku haidai mwanga, inadai kivuli. Neti nyeusi ya kukata nusu ya jua inatosha.

Kuhusu mtambo wa mabomba sikutaka kubisha kwa maneno, ndiyo maana ya daftari. Kwa wiki mbili aliandika kila umeme ulipokatika na uliporudi. Mara tisa. Mara nyingi ni dakika, ila siku moja ulikatika saa nne asubuhi ukarudi saa tisa alasiri.

Mfumo wa mabomba hupitisha utando mwembamba wa maji chini ya mizizi bila kukoma, pampu ikiyazungusha. Uliendelezwa na Allen Cooper kule Uingereza miaka ya 1960, kwenye nyumba za vioo, chini ya mawingu. Ni mfumo mzuri, unapanda vichwa vingi kwenye nafasi ndogo, na unasafishika. Lakini hauna akiba. Pampu ikisimama, mizizi inabaki inaning'inia kwenye bomba la plastiki lililopigwa na jua, na kwa joto letu letusi hulala ndani ya saa moja. Saa tano? Unakwenda kuwalisha mbuzi. Muuzaji alipoulizwa akasema aongeze betri na inveta, ambazo hakuziweka kwenye bei ya mwanzo. Mwenye umeme wa jua tayari nyumbani, namshauri mabomba bila kusita. Huyu hakuwa nao.

Nilifikiria pia makumbi. Unga wa makumbi ya nazi ni udongo mbadala mzuri, na pwani yetu imejaa minazi. Tatizo ni kwamba makumbi mengi ya hapa yamefukiwa kwenye matope ya bahari ili usumba ulegee wa kusokotea kamba, na yanakuja na chumvi yake. Inabidi kuyaosha kwa maji mazuri mpaka maji yanayochuruzika yasome chini ya 0.5, na maji mazuri ndiyo hayohayo tunayoyabania. Tuliosha debe mbili tu, za rehani na nanaa.

Ikabaki ndoo iliyotulia. Wengi huiita Kratky, kwa jina la Bernard Kratky wa Chuo Kikuu cha Hawaii. Hakuna pampu. Unajaza ndoo maji yenye mbolea, unafunika, mche unakaa kwenye kikombe chenye matundu, ncha ya mzizi ikigusa maji. Mmea unakunywa, maji yanashuka, na mizizi ya juu inayobaki kwenye nafasi ya hewa chini ya kifuniko hugeuka ya kupumulia. Umeme ukikatika wiki nzima mmea haujui. Hasara yake ni kwamba huwezi kulima kwa wingi mkubwa, na maji yaliyotulia hupata moto kama hukuyakinga.

Tulivyoifanya

Ndoo 24 za lita 20, zilizokuwa za mafuta ya kula, shilingi 6,000 kila moja. Nilikataa za rangi ya nyumba hata zilipokuwa nafuu. Chakula cha watu hicho. Matundu manne kila kifuniko tuliyatoboa kwa kikopo kitupu cha nyanya ya gramu 70 kilichopashwa kwenye jiko la mkaa: ukikibonyeza kwenye plastiki kinakata duara safi la sentimita tano, moshi tu ndio wa kukwepa. Ndoo tukazipaka rangi nyeusi kwanza mwanga usiingie kuleta mwani, halafu chokaa nyeupe juu yake ili jua lirudi lilikotoka. Tukazichimbia chini ya mwarobaini hadi shingoni, neti juu. Maji ndani yake mwezi Julai hayakuvuka nyuzi 26.

Kila tundu likazibwa kwa kipande cha sponji kuzunguka shina. Watu hulipuuza hili. Ndoo moja tuliyoisahau ilikuwa na viluwiluwi vya mbu ndani ya wiki, vinacheza kwenye mbolea ya bei kali.

Mbolea alinunua ile ya pakiti mbili, A na B. Siku ya kwanza akaona kuchanganya mara mbili ni usumbufu, akayeyusha zote kwenye jagi moja la maji kidogo. Likageuka kama tui lililokatika, vipande vyeupe chini, maji juu. Kalsiamu iliyo kwenye A ikikutana na salfeti na fosfeti za B zikiwa nzito hushikana na kuganda, na kilichoganda mzizi hauwezi kukila. Jagi zima likamwagwa chini ya mpapai. Sasa anatia A kwenye lita zote 20, anakoroga, ndipo anatia B.

Mbegu nazo zilimchezea. Alizisia mara mbili, mara mbili zikagoma, akadhani kauziwa mbovu. Letusi ikilowa kwenye joto linalozidi nyuzi 30 hivi huingia usingizini. Tulizilaza kwenye tishu iliyolowa, ndani ya kopo, kwenye mlango wa friji kwa siku mbili. Siku ya tatu zilikuwa zimetoa mkia mweupe.

Tulipandikiza mwisho wa Mei, kusi imeshaanza kuvuma na usiku unashuka kuelekea nyuzi 20. Vichwa 96. Wiki ya tatu alisafiri kwenda Masasi msibani, akamwachia mama yake bustani. Bi mkubwa akafunua ndoo, akaona maji yamefika nusu, akasikitika. Kwa huruma yake akajaza ndoo nne pomoni mpaka mdomoni, akanipigia simu kwa fahari: "Baba, hao waliokuwa na kiu nimeshawanywesha." Zilikuwa zimesalia ishirini ambazo alichoka kabla hajazifikia siku hiyo. Nilikimbia kwa bodaboda. Mizizi iliyozoea hewa ilikuwa imezama, na keshokutwa yake letusi kumi na mbili za ndoo zile nne zililala chali huku zimesimama kwenye maji. Kosa langu hilo, si la mama. Nilimweleza dada habari ya nafasi ya hewa, sikumweleza mtu mwingine wa nyumba ile. Siku hizi kila ndoo ina mstari mwekundu wa kalamu na neno USIJAZE.

Tatu nyingine wakala kuku wa jirani. Zikavunwa 81.

Hesabu yenyewe: ndoo 144,000, neti 48,000, kipimo cha EC na cha pH (uchachu wa maji) 95,000, mbolea na mbegu 65,000. Jumla 352,000. Hoteli zilinunua kwa 1,500 kichwa. Mzunguko wa kwanza 81, wa pili 90, wa tatu uliangukia joto la Oktoba ukatoa 52 na nyingine chungu kidogo. Vichwa 223, shilingi 334,500. Kwa letusi peke yake bado anadaiwa na mradi wake 17,500, na kazi ya mikono yake sijaihesabu. Anayetaka kusikia hadithi ya utajiri wa ndoo sina. Ila angechukua mabomba, angekuwa anafukuzia 1,150,000 na betri juu, kwa msimu uleule wa miezi mitano, kwa sababu joto la kaskazi halijali umepandia kwenye nini.

Kwenye hili tunatofautiana na rafiki yangu mmoja wa Lindi anayelima kwa mabomba. Yeye anasema ndoo inamfundisha mtu kubaki mdogo. Huenda. Lakini amefunga sola, na maji yake hayana chumvi, kwa hiyo ananihukumu kutoka uwanja mwingine.

Hema halikutupwa. Kinachofukuza letusi kinapendwa na vifaranga: dada ametoa taa ya zambarau, ameweka balbu ya kawaida, na sasa linalelea vifaranga arobaini wa kienyeji. Mjumbe alikuja tena kukagua, akaondoka na sita.

Desemba mpishi wa hoteli alipiga simu akitaka letusi arobaini za Krismasi. Dada akamjibu letusi mpaka Juni. Alichonacho ni chainizi kwenye ndoo kumi na mbili, na rehani na nanaa za kwenye makumbi. Mpishi akaguna, akanyamaza, kisha akachukua mafungu sita ya rehani na kilo tatu za chainizi. Ndoo kumi na mbili zilizobaki zimegeuzwa kifudifudi chini ya mwarobaini, maana mvua zimeanza na mbu wanatafuta pa kutagia.